Baba Alipokwenda Uhamishoni Rondo

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kulitafuta.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika sekondari moja ya Lindi mjini. Mwaka huo nilikuwa nimewakusanyia wanafunzi wangu maisha ya washairi kumi na wawili wa nchi mbalimbali, kila mmoja kurasa mbili: alizaliwa wapi, aliishije, aliandika juu ya nini, alikufaje. Nilihangaika na kazi hiyo likizo nzima, nikatafsiri, nikachapa, nikabana kwa pini. Ningeyaacha makaratasi yale kabatini shuleni pasingetokea neno. Lakini mtu akishapata kitu cha kujivunia hatulii mpaka awaonyeshe wazazi wake, hata akiwa ameshaota mvi. Nikayatia mkobani, nikaenda nayo nyumbani Kilangala mwisho wa wiki, nikampa baba.

Lazima nieleze baba yangu ni mtu wa namna gani. Alifundisha darasa la nne mpaka akastaafu, na hadi leo kijiji kizima kinamwita Mwalimu, mama akiwemo. Shughuli yake ya pili ni mikorosho. Ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, ni ushairi. Ana sanduku la bati lililojaa madaftari, na sijawahi kuona jambo likapita mbele yake bila kutungiwa. Choo cha shule kilipotitia, alitunga. Nyuki walipovamia mkutano wa kijiji, alitunga, tena jicho moja likiwa bado limevimba. Wala hakuwa mtu wa kutunga akaweka. Alisoma harusini, alisoma mikutanoni, alisoma zahanati watu wakiwa kwenye foleni ya chanjo, mahali ambapo hakuna awezaye kukimbia. Anasimama, anakohoa mara tatu, anaweka mkono kifuani, anafumba macho, kisha anaanza kwa sauti ya puani ambayo hakuitumia kwa kazi nyingine yoyote. Sisi watoto wake tukiona tu mkono unapanda kifuani tulikuwa tunakumbuka kwamba mbuzi hawajanyweshwa maji.

Shairi lake kubwa lilikuwa la kuku. Alikuwa na kuku mweusi aliyekula kwetu na kutaga kwa jirani, na jambo hilo lilimuuma kuliko mambo mengi ya dunia. Lina beti kumi na tano. Wa kwanza ni huu:

Kuku wangu atagaye, jirani hula mayai,
Nikienda nimwambiye, asema hanitambui,
Nimfunge nimtiye, bandani, yeye hakai,
Kuku nimfuge mimi, mayai ale jirani?

Msomaji ana ruhusa ya kucheka. Mimi sikucheka. Nilizisikia beti hizo utoto wangu wote, na kusema kweli nilikwenda kusomea fasihi ili nihakikishe kama kuna mashairi mengine duniani.

Basi baba akapokea makaratasi yangu kwa mikono miwili. Ulikuwa msimu wa korosho, na mama alikuwa barazani na rundo la mabibo mbele yake, anatenga korosho na kuzitupa kwenye ungo. Baba akavaa miwani, akaanza kutusomea.

Wa kwanza alitoka nchi ya theluji. Alifungwa miaka mingi kwa sababu alitunga shairi akamsifu farasi wa gavana kuliko gavana mwenyewe. Gerezani alinyimwa karatasi, akawa anakwangua beti ukutani kwa kijiko.

"Alikuwa na mke?" mama akauliza.

"Alikuwa naye."

"Nani alikuwa anamlishia watoto?"

Makaratasi yangu hayakusema. Mama akatikisa kichwa, akatupa korosho kwenye ungo kwa nguvu kidogo. Kwake yeye, mshairi huyo alikuwa ameshafeli.

Wa pili alikuwa mtu wa visiwani. Alifukuzwa kwao akaenda kuishi mji wa ugenini, na kwa maisha yake yote yaliyobaki hakuandika juu ya kitu kingine ila uwanja wa nyumba ya mama yake: jiwe la kunolea visu, kamba ya kuanikia nguo, bata. Baba alisoma ukurasa huo mara mbili. Wa tatu alikuwa wa jangwani. Huyo alimwona msichana mara moja tu, kisimani, akamwandikia mashairi ya mapenzi mpaka akazeeka, na yule msichana hakupata kujua.

"Subhanallah," mama akasema. "Si angeuliza ni binti wa nani, akapeleka posa? Mashairi yote hayo ya nini?"

"Mke wangu, huyu ni mshairi mkubwa."

"Hata mtu mkubwa ana wajomba. Angewatuma."

Alikuwemo mwanamke wa milimani aliyeandika upande wa ndani wa magunia ya unga kwa kumwogopa mumewe, na beti zake zikaonekana alipokwisha kuzikwa. Alikuwemo kijana wa nchi ya mvua aliyeumwa kifua akafia katika chumba cha kupanga, akazikwa na mwenye nyumba. Mama alitaka kujua kama mwenye nyumba huyo alilipwa shukrani. Kwa siku mbili barazani kwetu palikuwa na misiba kumi na miwili, na mama aliihani yote, mmoja baada ya mwingine, bila kuacha kutenga korosho.

Baba ndiye aliyenyamaza. Jumapili asubuhi, nikiwa nafunga mkoba, alikuja akasimama mlangoni na makaratasi kwapani.

"Nimewapitia wote," akasema. "Wanalia mambo manne. Mapenzi, nyumbani, kifungo na kifo. Mimi nimeandika kuku."

"Na choo," mama akasema kutoka jikoni.

Baba akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza nauli: "Kama ungeweka wa kumi na tatu, ungeandika nini juu yangu?"

Nilikuwa nimechelewa. Bodaboda alikuwa nje anavumisha pikipiki. Nikacheka, nikasema: "Baba, hawa watu waliteseka. Wewe umefundisha darasa la nne, umelima korosho, umeoa mke mmoja na amekupikia kila siku. Maisha yako hayana cha kuandika."

Alicheka pia. Akanisaidia kufunga mkoba nyuma ya pikipiki, akanitakia safari njema. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusoma yaliyo nyuma ya maneno, sikusoma uso wa baba yangu mzazi ulio mita moja kutoka kwangu. Hadi leo nikikumbuka nasikia aibu.

Jumatano mama akapiga simu.

"Baba yako anataka kufungwa."

"Na nani?"

"Na yeyote atakayekubali."

Ikawa hivi. Baba alitunga shairi kali juu ya ofisi ya kijiji, ambayo mlango wake ulikuwa unafungwa kwa kipande cha kamba. Ndani yake aliwaita viongozi majina ambayo mama alikataa kunitajia kwenye simu. Akavaa koti, akaenda nalo kwa mtendaji wa kijiji, binti mdogo aliyehamia kwetu juzijuzi. Akasimama, akakohoa mara tatu, akasoma beti zote kumi na moja, akamaliza na kunyoosha mikono mbele, vifundo vimekutana, tayari kwa pingu. Mtendaji alikuwa amesikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, shikamoo," akasema. "Hili ni zuri sana. Naomba nakala."

Akalibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya tangazo la chanjo ya mbwa. Watu wakalisoma, wakacheka, na kabla ya wiki kwisha mlango ukawekwa kitasa kipya. Baba alirudi nyumbani akajilaza kifudifudi.

"Wa theluji amepata gereza," alimwambia mama. "Mimi nimepata kitasa."

Nilicheka sana nilipoambiwa. Nikawasimulia walimu wenzangu, wakacheka na wao. Jumamosi mama akapiga tena.

"Baba yako kahamishwa nchi."

"Na nani, mama?"

"Na yeye mwenyewe. Kaenda Rondo."

Alikuwa ameondoka alfajiri na begi moja, madaftari matatu, miwani na yale makaratasi yangu. Akapanda gari Mingoyo, akamalizia kilima kwa bodaboda, akafikia kwa dada yake mdogo. Mezani aliacha barua, na mama, ambaye hakuwa na subira na barua za mtu anayelala naye kitanda kimoja, alinisomea mstari wa kwanza tu: "Nalazimika kuiacha ardhi iliyonizaa." Hapo ndipo nilipokaa chini. Baba alizaliwa Rondo. Ardhi iliyomzaa ndiyo hiyohiyo aliyokuwa anaikimbilia.

Nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema upesi, huku ni uhamishoni."

"Baba, rudi nyumbani. Korosho zinadondoka, mama yuko peke yake."

"Kifua kimeanza kunibana," akasema, na akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilichotungwa. Nyuma yake nikamsikia shangazi wa Rondo akipaza sauti: "Kifua gani? Anakaa jikoni kwangu kutwa, moshi ule! Na mwambie mama yako mkimbizi wake anakula sahani mbili!"

Jumamosi iliyofuata akamtumia mama ujumbe wa sauti. Mimi nilikuwepo, maana tangu hapo nilikuwa naenda kila mwisho wa wiki kuokota korosho. Sauti ya puani ikajaa baraza:

Rondo nimekaa Rondo, baridi yanitafuna,
Shuka ninalo na pindo, joto lako sijaona...

Zilikuwa beti sita. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini, akaendelea na kazi. "Mjibu," akaniambia. "Mwambie korosho hazianuki kwa shairi. Na aombe shuka la pili." Lakini nilipokwenda kisimani na kurudi nilimkuta ameishika simu sikioni, na alipouona mtungi wangu akaificha chini ya ungo. Katika maisha yake yote ya ndoa lilikuwa shairi la kwanza alilotungiwa. Kabla yake alikuwa ametanguliwa na kuku, nyuki na choo.

Ikapita wiki ya pili, ikaingia ya tatu, na utani wa jambo lile ukaanza kunipungukia. Mama alikuwa anaanika korosho asubuhi peke yake na kuzianua jioni peke yake, na mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Mgongo ulikuwa unamuuma na hakutaka kusema. Nikampigia baba nikamwomba msamaha. Nilimwambia waziwazi: baba, neno nililosema siku ile halikuwa neno la kumwambia mzazi.

"Neno gani?" akasema. "Ulisema kweli." Safari hii hakukohoa. "Mimi nimewasomea watu mashairi miaka mingi, mwanangu, na sijui kama kuna hata mmoja aliyepata kusikia. Walikuwa wananivumilia. Mnafikiri nilikuwa sioni mbuzi wakinyweshwa maji mara nne kwa siku? Wale kumi na wawili wako angalau waliogopwa. Mtu hafungi asiyesikika."

Ndipo nilipokwenda kwa mtani.

Mtani wake baba ni binamu yake, binti wa shangazi yake, mama wa makamo ya baba mwenyewe anayekaanga samaki pale Mingoyo njia panda. Mimi namwita shangazi. Kwetu binamu wa namna hiyo ana ruhusa ambazo hata mke hana. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na ukacheka. Na siku ukifa, watu wote wakiwa wanalia, yeye ndiye anayevaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anasema maneno yako, anawachekesha waliofiwa mpaka wanashika mbavu, na kitu anachokishika siku hiyo ni chake. Nilimkuta mbele ya karai lake la mafuta. Nikamweleza yote, tangu theluji hadi shuka lenye pindo.

Akageuza samaki, akafikiri.

"Mtu kaondoka," akasema. "Hajulikani anarudi lini. Mke wake anaokota korosho kama mjane. Huyo si amekufa?"

"Hajafa, shangazi. Yuko Rondo."

"Wewe umesoma, mimi ni mtani. Jumamosi naweka matanga."

Nilidhani anatania. Alikuwa anatania kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtani akitania anafanya kazi.

Jumamosi asubuhi aliteremka kwetu na wanawake watatu, sufuria mbili na gunia la mkaa. Hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwa wazazi wangu, akatoka amevaa kanzu ya baba, koti la baba, miwani ya zamani ya baba yenye kioo kimoja, na kalamu mfukoni. Mama alipomwona alitaka kukasirika. Kisha mtani akasimama uwanjani akajikuna mgongo kwa kalamu, vilevile kama anavyojikuna baba akitafuta neno, na mama akaangua kicheko ambacho sikukisikia kwake kwa wiki tatu.

"Mjane, kaa eda!" mtani akamwamuru.

Mama akamrushia bibo. Likampata kwenye koti.

Kwa haki yake ya utani akaingia bandani akakamata kuku watatu wa marehemu, wakachinjwa. Moshi ulipopanda na harufu ya mchuzi ikatambaa, hatukuhitaji kumwalika mtu. Majirani walikuja, vijana wa bodaboda walikuja, mtendaji alikuja na zawadi ya sukari. Sheikh wetu alikuja akauliza msiba ni wa nani. Alipoelezwa akasema hawezi kumsomea dua ya maiti mtu ambaye jana alikula sahani mbili. Akaaga. Kisha akauliza wali utaiva saa ngapi, akakaa.

Wakati huohuo habari ilikuwa inapanda Rondo. Ilipotoka Kilangala ilikuwa habari ya matanga ya utani. Lakini ilipitia kwa wenye pikipiki wawili na dereva wa gari moja, na kila mmoja ana haraka zake. Ilipofika kule juu ilikuwa imebaki na matanga tu. Wazee watatu wa Rondo wakavaa kofia zao, wakaenda kwa shangazi wa huko kumpa pole. Wakakaa mkekani, wakainamisha vichwa. Baba akatoka ndani na kikombe cha uji, akaitikia salamu, akauliza nani amefariki.

"Kaka wa huyu mama," mmoja akajibu bila kuinua kichwa. "Mwalimu wa Kilangala."

Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwamba swali lake la kwanza lilikuwa: "Alikufa na nini?" Walipomwambia hawajui, akakasirika kwamba watu wanahani msiba bila kuuliza jambo la maana. Ndipo mzee mmoja akainua macho. Shangazi wa Rondo anasema kikombe cha uji kilimponyoka baba mkononi. Baba akachukua begi na kushuka na gari la kwanza.

Sisi kule chini hatukujua. Tulikwisha kula, na mtani akasimama katikati ya uwanja na daftari. Watu wakatulia. Akakohoa mara tatu. Akaweka mkono kifuani. Vicheko vikaanza. Akafumba macho, na sauti ya puani ikamtoka, sauti ileile, na mtendaji akalazimika kuushika mlango wa banda ili asianguke.

"Kuku wangu atagaye, jirani hula mayai..."

Nilisikia mwili wangu ukianza kutafuta mbuzi. Nilitegemea atasema mistari miwili mitatu, watu wacheke, aende kwenye utani mwingine. Akasoma wa pili. Akasoma wa tatu. Na kabla hajaufikia wa nne, uwanja mzima ukaitikia:

"Kuku nimfuge mimi, mayai ale jirani?"

Wanawake wenye miiko waliitikia. Vijana wa bodaboda waliitikia. Sheikh aliitikia na mfupa kinywani. Jirani aliyekula mayai yale aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, mkono juu, kama wimbo wa taifa. Mtani akaenda ubeti wa pili, wakaitikia. Wa tatu, wakaitikia. Kwenye ubeti wa saba akakwama, na kabla sijafikiri chochote, kijana mmoja mwenye jaketi la bodaboda akauchukua kutoka pale ulipoishia, vina vyote mahali pake. Alikuwa ameupata darasa la nne. Wa nane alikuwa nao fundi baiskeli. Wa tisa hakuwa nao mtu, pakawa kimya, na sauti ikatoka mlango wa jikoni. Ilikuwa ya mama. Aliusoma anafuta sufuria, macho chini, bila kukosea silabi.

Nilikuwa nimekaa palepale na shahada yangu. Miaka yote nilijua kwamba watu wanamkimbia baba, kwa sababu mimi nilimkimbia. Mtu anayekimbia haoni waliobaki nyuma. Nilijiona mjinga, na sikuona haya kulia, kwa kuwa matangani ruhusa ipo.

Baada ya kuku walidai nyuki. Baada ya nyuki wakadai choo. Katikati ya choo ndipo nilipotupa jicho upande wa barabara, nikamwona. Alikuwa amesimama nyuma ya banda, begi miguuni, vumbi la Rondo hadi kwenye nyusi. Sijui alifika tangu ubeti wa ngapi. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya watu, bila sauti. Nilitaka kuinuka, akanipungia mkono nikae. Hakujitokeza mpaka choo kilipokwisha kutitia chote.

"Lo!" mtani akapiga ukelele. "Maiti kaja kuaga!"

Watu wakageuka. Wengine walicheka, wengine walipiga vigelegele, na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia alikimbia kabisa.

"Vua koti langu," baba akasema.

"Koti la marehemu ni la mtani. Kama unalitaka, kafufuke upya."

Koti lile analo mpaka leo, anakaangia samaki siku za mvua. Baba alibaki amesimama katikati ya matanga yake, hajui aketi upande wa wafiwa au wa wageni. Mama akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Umekula?"

"Bado."

Akampakulia. Baba akala wali wa matanga yake mwenyewe mbele ya kijiji kizima, na akaomba ukoko. Mama akamkwangulia ukoko, akamwekea na paja la kuku, kisha akasema, bila kumwangalia, kwamba lile shairi la shuka ubeti wake wa nne haukumridhisha na wangeuzungumza baadaye.

Watu walipoanza kutawanyika aliniita barazani. Akafungua begi, akatoa makaratasi yangu, yamekunjika na yana madoa ya uji.

"Pitia hapo," akasema. "Nimetafuta kule Rondo kutwa, labda macho yangu. Katika hawa kumi na wawili, kuna hata mmoja aliyeitikiwa?"

Nikayapitia yote, ukurasa kwa ukurasa, yeye amekaa pembeni yangu ananingoja kama mwanafunzi anayesahihishiwa. Palikuwa na magereza, meli, makaburi, hata sanamu ya shaba. Labda waliitikiwa. Labda mahali fulani kwenye theluji walikuwepo watu waliokijua kibwagizo chote, na sisi tunaoandika maisha ya washairi hatukuwahi kwenda kuuliza.

"Hakuna, baba," nikasema.

Uwanjani mtani alikuwa anagombana na sheikh kuhusu shingo ya kuku wa mwisho, na upepo ulikuwa umebadilika.

"Basi mimi andika hilo," akasema. "Andika kwamba waliitikia, na nilikuwepo nikasikia."

Akayaweka makaratasi mapajani mwangu, akakunja mikono ya shati, akaenda kumsaidia mama kuanua korosho kabla mvua haijafika.